Logi za Ghala la Mbegu

Asubuhi Levi alipotumwa Bungoma, mimi nilikuwa kwake Section Six, hapa Kitale, nikishona sare za kwaya ya akina mama wa kanisa letu la Friends. Cherehani nilikuwa nimeihamishia sebuleni mwake kwa sababu mke wake, Jerop, alikuwa karibu kujifungua na hakutakiwa kuachwa peke yake. Levi ni mdogo wangu, tumbo moja. Jerop ni binti wa Kapsara, kwa Wakalenjin, mpole kuliko sisi sote. Mimba zao za kwanza ziliharibika, na hii ya sasa tulikuwa tumeilinda mpaka tukasahau kucheka kwa sauti. Kikombe kikianguka jikoni, sote tulikuwa tunamtazama Jerop kwanza, halafu kikombe.

Levi ni fundi wa kompyuta katika kampuni moja ya mbegu yenye makao yake hapa mjini. Kazi yake anaijua, sitamnyima sifa, ila ana kitabia cha kuongea na mashine. Huibembeleza kama mama anayekama ng'ombe mwenye mateke. "Haya mama, amka. Usiniaibishe mbele ya watu." Nilimwambia mara nyingi kwamba siku moja mashine itamjibu, naye alikuwa ananicheka tu.

Siku hiyo bosi wake alimpigia kabla hajamaliza chai. Seva ya ghala la Bungoma, ile kompyuta kubwa inayoweka rekodi zote za mbegu, ilikuwa imekataa kuwaka. Mvua za kupanda zilikuwa zimeanza na wakulima walikuwa wamejaa getini. Levi hakuambiwa airekebishe. Aliambiwa akatoe logi tu, azilete Kitale zisomwe. Logi, kwa nilivyoelezwa mimi mshona nguo, ni maandishi ambayo mashine hujiandikia yenyewe. Kila kosa, kila amri ambayo haikuielewa, inaiandika pembeni na saa yake. Ikilala ikakataa kuamka, fundi husoma hayo maandishi ajue ilikufa ikisema nini.

"Nitarudi mapema, Phel," Levi aliniambia. "Simu iwe karibu, bana."

Alimshika Jerop tumbo, akachukua gari la kampuni, akaenda.

Yaliyotokea Bungoma nayasimulia kama alivyonisimulia mwenyewe. Levi ni mtani lakini si mwongo.

Alipokewa na meneja wa ghala, mzee mmoja kwa jina Wakhungu, mtu mnene mwenye kofia ya sufu ambaye hakuwa na maneno mengi. Walipita katikati ya mifuko ya mahindi ya mbegu, zile zilizopakwa dawa zikawa nyekundunyekundu, mpaka kwenye kona ya mwisho kabisa. Hapo palikuwa na chumba kidogo cha mbao, hakina dirisha. Mlango wake ulikuwa na kufuli kubwa kwa nje ili mtu asiibe mashine. Wakhungu alifungua, akarudi nyuma.

"Ingia tu, fundi. Mimi nitangoja hapa nje."

"Si uingie tuangalie pamoja?"

"Rakini hapa pia naona vizuri."

Levi aliingia. Ndani mlikuwa na joto, na meza, na kiti. Upande wa ndani wa mlango, chini, rangi ilikuwa imekwanguliwa ikaisha hadi mbao ikaonekana. Alidhani ni panya. Maghala ya mahindi hayakosi panya.

Mashine yenyewe iliwaka vizuri. Taa zilikuwa zinamulika, feni ilikuwa inavuma. Kilichokataa ni ile hifadhidata, sehemu inayoshika rekodi. Kila alipoiamuru ianze, ilianguka. Akafungua logi, akasoma mstari wa mwisho. Mashine ilisema haiwezi kuanza kwa sababu mtumiaji mwingine bado yumo ndani.

Hilo ni kosa la kawaida, Levi aliniambia. Umeme ukikatika ghafla, mashine hubaki na kufuli ndogo ya aliyekuwa akifanya kazi, kama mtu aliyetoka chooni akasahau kufungua mlango. Unaifuta kufuli, kazi inaendelea. Akaifuta.

Ikakataa. Mtumiaji mwingine bado yumo ndani.

Akaangalia tena. Kufuli ilikuwa imerudi. Akaifuta tena. Ikarudi huku akiitazama.

"Mzee," Levi aliita, "nani mwingine anatumia hii mashine?"

"Hakuna."

"Kuna mtu ameingia na jina lake."

Wakhungu alivuta kofia chini masikioni. Mvua ilikuwa imeanza kupiga mabati. "Yule arikuwa anaitumia alituacha," akasema. "Hesbon. Kijana wa Malakisi. Alishikwa na ugonjwa wa ghafla, akafia kwa njia akipelekwa hosipitali upande wa Webuye. Ni kama mwaka sasa."

"Pole sana."

"Ni ya Mungu. Chukua hiyo kitu yako twende, fundi. Mvua hii itakufungia hapa."

Basi Levi akanakili logi zote kwenye flashi, akaitia kwenye begi. Hakuzisoma. Alikuwa amechoka, mawazo yake yako kwa Jerop. Akazima skrini, akaipiga ile mashine kofi dogo la mgongoni kama kawaida yake, akasema, "Haya. Hata wewe umechoka. Twende nyumbani."

Feni ikabadilisha sauti. Akawasha skrini tena. Hifadhidata ilikuwa imeanza yenyewe, safi, rekodi zote zimo, hakuna kufuli.

Alitoka akicheka, anataka kumpa mzee habari njema. Wakhungu alikuwa amesimama palepale, lakini kofia ilikuwa mkononi.

"Fundi," alinong'ona. "Umeambia nani hivyo?"

"Hivyo nini?"

"Twende nyumbani."

"Si ni mashine," Levi akasema. "Mimi huongea nazo tu."

Wakhungu alimpisha Levi apite, halafu akaendelea kumpisha mtu mwingine nyuma yake.

Hapa nieleze, kwa maana kuna watu wa mbali watakaosikia haya. Kwetu Bungoma mtu akifia ugenini, hatuchukui mwili peke yake. Jamaa huenda mpaka pale alipokatia roho, awe alifia barabarani, hospitalini au mtoni. Mmoja hushika tawi, humwita marehemu kwa jina na kumwambia, twende nyumbani. Kutoka hapo ni moja kwa moja hadi bomani kwao. Baba yetu tulimfanyia hivyo, na tawi alishika Levi mwenyewe. Sisi ni watu wa kanisa, lakini kuna mambo ambayo hata mchungaji huangalia kando mpaka yaishe. Levi alijua maneno hayo yana kazi gani. Ila ni maneno ambayo kila mtu husema kila jioni, na yeye alidhani anaongea na chuma.

Alipoliwasha gari, kengele ya mkanda ikaanza kulia. Yeye alikuwa amefunga wake. Ilikuwa inalilia kiti cha abiria. Akaona ni begi lililolala pale, akalitupa nyuma. Ikaendelea kulia. Alipita Chwele ikilia. Alipofika Kimilili alisimama, akapapasa kile kiti, hakuna kitu, ila kilikuwa kimebonyea kidogo katikati. Mvua ilikuwa imekatika na jua limetoka, watu wanauza ndizi kando ya barabara. Levi alikuwa amechoshwa na ile kelele. Akauvuta mkanda wa abiria juu ya kiti kitupu, akaufunga.

Kengele ikanyamaza mpaka Kitale.

Nilikuwa jikoni nikisonga ugali niliposikia gari. Nikamsikia Levi akifungua mlango wa sebule, na papo hapo Jerop akalia. Niliacha mwiko kwenye sufuria. Nilimkuta ameshika meza, maji yamemwagika miguuni, anamwangalia mume wake aliyesimama mlangoni na begi. Siku zake zilikuwa bado. Nilipomwinua aliniuliza kwa sauti ndogo kama Levi amekuja na mgeni. Nikamwambia hakuna mgeni, nyamaza, tunaenda hospitali.

Mtoto alizaliwa salama. Mvulana, mdogo lakini mzima, na hospitalini alinyonya vizuri hadi wauguzi wakamsifu. Niseme ukweli, nililia. Nilimpigia Kukhu Nabwile, bibi yetu aliyeko Kimilili, nikampigia vigelegele kwenye simu mpaka akaniambia niache, ati namuumiza masikio.

Tulimleta nyumbani. Tulipovuka mlango tu, akaanza kulia.

Kulia kwa mtoto nakujua, nimelea wangu. Kilio hiki hakikuwa cha njaa wala cha tumbo. Alikuwa anakaza shingo na kugeuza uso upande, macho wazi, akilia kama mtu anayeita watu walio mbali. Titi alilikataa. Jerop alilikamua tone tone kinywani mwake, naye alilitema. Tulimrudisha kwa daktari. Akapimwa, hakuonekana na ugonjwa wowote, na huko alinyonya. Tulipomrudisha nyumbani akaanza tena. Tukasema alale kwangu, nyumba ya pili. Levi alikuja kumwona, mtoto akalia huko pia. Sauti ilianza kumkauka. Mashavu yale ya hospitalini yakapungua, na utosi ukaanza kubonyea. Jerop hakuwa akisema kitu tena. Alikuwa anamshika tu mtoto na kutazama ukutani, na mimi nilijua anahesabu huyu pamoja na wale waliotangulia.

Kukhu Nabwile aliletwa asubuhi. Ni mzee sana lakini mkono wake hautetemeki. Alimsikiliza mtoto kwa muda, akaweka mkongojo chini.

"Mnampa dawa za nini?" akauliza. "Huyu mtoto anatafuta jina."

Kwetu mtoto akilia hivi, ni mmoja wa waliokufa anayetaka kuitwa. Basi wazee huyataja majina ya wafu wa ukoo, moja baada ya jingine, na mtoto akisikia lake hunyamaza, hunyonya. Mimi kama senge wake, dada ya baba, nilimshika. Kukhu akaanza.

"Kama ni wewe Khaemba, nyonya tukuone."

Kilio.

"Kama ni wewe Makokha uliyezama Nzoia, nyonya."

Kilio.

Alimwita Sikuku. Alimwita Namwaya, na ndugu za Namwaya. Aliita watu ambao hata mimi sikuwajua, waliokufa kabla ya barabara kuja. Jerop naye, kwa mara ya kwanza siku ile, alifungua kinywa. Kwao pia huwataja wafu, ila wao husubiri mtoto apige chafya. Akawanong'ona babu zake wote wa Kapsara. Mtoto hakunyamaza. Hakupiga chafya. Sauti sasa ilikuwa haitoki, mdomo tu ndio uliokuwa ukifunguka.

Nikamrudishia Jerop mtoto, nikatoka nimtafute Levi, nimseme. Mtoto anakufa na yeye yuko chumbani na kompyuta! Nilimkuta kitandani na laptopu mapajani. Ofisi ilikuwa imemdai ripoti ya Bungoma, kwa hiyo ndiyo kwanza alikuwa ameifungua flashi. Hakugeuka. Alinyoosha kidole kwenye skrini.

"Soma," akanong'ona. "Phel, soma tu."

Sehemu ya kwanza ilikuwa ya mwaka uliopita, Jumamosi moja. Levi alinieleza jinsi ya kuisoma. Mtu akiandika kitu ambacho mashine haikielewi, mashine hukiandika kama kilivyo, kisha huandika jibu lake chini. Nikasoma.

*fungueni mlango*
Kosa. Amri haieleweki.
*nani amefunga kwa nje niko ndani*
Kosa. Amri haieleweki.
*wakhungu simu yangu iko kwa meza yako*
Kosa. Amri haieleweki.
*kitale mkiona hii pigieni bungoma niko kwa chumba cha seva*
Kosa. Amri haieleweki.
*mmeanza kupiga dawa mimi niko ndani*
Kosa. Amri haieleweki.
*nimevua viatu nipigie mlango kichwa kinauma*
Kosa. Amri haieleweki.
*mwambieni mama*
Kosa. Amri haieleweki.

Nikakaa chini.

Levi alimpigia Wakhungu simu, akaweka spika. Hakusalimu. Alisema tu, "Mzee, Hesbon alifia wapi?"

Yule mzee akaanza kulia kwenye simu. Alisema siku ile walikuwa wanapiga ghala dawa ya wadudu, ile ya vidonge vinavyotoa gesi. Mtu alikuta kile chumba kiko wazi, hakuangalia ndani, akapiga kufuli. Ghala likazibwa kote. Jumatatu ndiyo walimkuta, miguu mitupu, nyuma ya mlango. Wakubwa wakasema jambo hilo likijulikana kampuni itafungwa. Mwili ukapelekwa Webuye, na familia ikaambiwa alifia njiani.

"Kwa hivyo watu wa kwao walienda kumchukua wapi?" Levi akauliza.

"Webuye, kijana yangu. Waliita jina yake hapo kwa geti ya hosipitali. Mimi nilisimama hapo nikiwaangaria. Na yeye alikuwa ghalani kwangu."

Levi alikata simu. Akateremsha logi mpaka chini. Hesbon alikuwa amezikwa, lakini maandishi yalikuwa yanaendelea. *fungueni*, kila siku, na kosa chini yake. Mwezi baada ya mwezi. Kwenye tarehe ambazo hifadhidata ilikuwa imezimwa kabisa, maandishi yapo. "Haiwezekani," Levi alikuwa akirudia. "Ikiwa imezimwa haiwezi kuandika. Nani anaandika?"

Tukafika siku aliyokwenda yeye.

*nani huyo*
Kosa. Amri haieleweki.
*usifute niko ndani*
Kosa. Amri haieleweki.
*unaenda wapi*
Kosa. Amri haieleweki.
*ngoja nivae viatu*
Amri imekubaliwa.

Huo ndio uliokuwa mwisho.

Tulirudi sebuleni. Levi alipiga magoti mbele ya mtoto aliyekuwa mikononi mwa Jerop, na mimi niliogopa hata kumgusa. Alikuwa akijua. Nilimwona akilitafuna lile jina, hataki litoke, kwa maana ukishamwita mtu umemkaribisha. Lakini Jerop alimtazama. Alimtazama tu.

"Kama ni wewe," Levi akanong'ona. "Kama ni wewe, Hesbon."

Mtoto akanyamaza.

Akapiga chafya. Akageuza kichwa, akalipata titi la mama yake, akanyonya kama asiyewahi kulia. Mila ya kwetu na ya kwao zilikubaliana siku moja. Jerop alitabasamu na machozi. Kukhu Nabwile hakutabasamu.

"Hesbon wa nani?" akauliza.

Tulimweleza. Alisikiliza hadi mwisho, akaokota mkongojo. "Huyu ni mtoto wa wenyewe," akasema. "Ana mama, ana boma, na amekuwa akitafuta mlango mwaka mzima. Mkikaa naye, huyu mdogo hatakuwa na nafasi ndani ya mwili wake. Lazima afikishwe kwao leo, jua likiwa juu. Na tukitoka huko, mtu asinene neno mpaka tuvuke mlango wa hapa. Mmesikia? Hata salamu."

Tukaenda Malakisi, sote, na mtoto amelala. Levi aliendesha, Kukhu mbele, mimi na Jerop nyuma. Huko tumbaku ilikuwa bado changa mashambani. Boma la kina Hesbon lilikuwa limefagiwa, nyumba kubwa ya mama na kando yake nyumba ndogo ya kijana, ya udongo, mabati mapya. Mama yake, Nanyama, alikuwa akianika mtama. Mwembamba, kitambaa cheupe kichwani. Alitupokea kwa adabu zote, akatupa viti, akamuuliza Kukhu habari za Kimilili. Ni Levi aliyesema, akiwa amesimama. Alimwambia yote, kuanzia kufuli mpaka viatu. Alipofika kwa *mwambieni mama*, alinigeukia, nikamalizia mimi.

Nilitarajia mayowe. Nanyama alikuwa akitazama mikono yake.

"Sisi tulimleta kijana yetu," akasema polepole. "Kutoka Webuye. Tuliita, na alitufuata. Tangu siku hiyo kuna mtu analala kwa hiyo nyumba."

Alielekeza kidevu kwenye ile nyumba ndogo.

"Kila asubuhi natandika kitanda, na kila asubuhi kimelaliwa. Naweka chai, inapungua. Lakini mwanangu alikuwa wa mkono wa kushoto. Huyu anaacha kikombe mkono wa kulia. Mwanangu hakuweza kula bila chumvi. Huyu chumvi hagusi." Akajifuta uso. "Nirijua, mayi. Mwezi wa kwanza tu nirijua. Rakini nyumba ilikuwa na mtu. Nikanyamaza."

Nilimhurumia yule mama kuliko nilivyowahi kumhurumia mtu. Kukhu aliinuka, akamshika mkono, na wale wanawake wazee wakaenda mpaka kwenye mlango wa nyumba ndogo. Jerop aliwafuata na mtoto. Mimi nilisimama nyuma yao. Ndani niliona kitanda. Shuka la maua, safi. Katikati lilikuwa limebonyea, urefu wa mtu mfupi.

Nanyama akabisha hodi kwenye nyumba yake mwenyewe.

"Wewe uliye humu," akasema, "sikujui jina. Sikukufukuza. Lakini mwenye nyumba amekuja."

Kuku walikuwa wameacha kuparua.

Kisha lile shuka likanyanyuka. Polepole. Kwanza upande wa kichwa, halafu upande wa miguu, kama mtu anavyoamka akakaa, akashuka. Likabaki limenyooka. Kitu baridi kikapita kati yangu na fremu ya mlango. Sikupumua. Mtoto akafungua macho, akamtazama Nanyama, akamtazama sana. Halafu akapiga miayo, akalegea mikononi mwa mama yake, akalala usingizi wa watoto wote. Na kitandani, taratibu, shuka likabonyea tena. Urefu wa mtu mrefu.

Nanyama alikaa pale kizingitini na kuanza kumwimbia mwanawe. Hakutuaga, nasi hatukumuaga. Tuliingia garini bila neno. Kutoka Malakisi mpaka Kitale hakuna aliyekohoa. Levi aliendesha machozi yakimtoka, na nadhani yalikuwa ya furaha. Tulivuka mlango wetu kimya. Mtoto alinyonya, akalala, na Jerop akamchagulia jina la babu yake wa Kapsara, na kwa mara ya kwanza katika nyumba ile tulicheka kwa sauti.

Asubuhi Nanyama alipiga simu. Nikaipokea mimi.

"Mwanangu amelala," akasema. "Chai amekunywa, kikombe kiko kushoto. Mungu awabariki." Alikuwa akipumua kwa taabu. "Lakini nilitaka kuuliza. Yule mwingine, mlimwacha wapi?"

"Yupi, mayi?"

"Mvua ilinyesha kidogo mkiondoka. Kuna nyayo hapa kwa matope, za miguu mitupu, ndogo, zinatoka kwa mlango ya simba, hii nyumba yake ndogo. Nimezifuata. Zinafika pale gari yenu ilikuwa, zinaisha."

Kabla sijamjibu, mtoto akaanza kulia.

Levi alimwita Hesbon. Hakunyamaza. Jerop alimwita babu yake wa Kapsara. Hakunyamaza. Hiyo ni juzi. Titi analitema, na hospitalini safari hii analitema pia. Tumempigia Wakhungu, tumepiga simu mochari ya Webuye, tumeuliza ni nani aliyekuwa amefia pale getini kabla ya siku ile, wakatuambia ni wengi, na wengine hawakuwahi kutambuliwa na mtu. Ninapoandika haya Kukhu Nabwile amekaa kando ya kitanda, anataja majina. Ya kwetu yameisha, ya Kapsara yameisha. Sasa anataja majina yoyote tu, ya wanawake, ya watoto, ya makabila asiyoyajua, moja baada ya jingine, na kila baada ya jina anasimama kidogo tusikilize.